Siku za mwisho za trolebasi za Wellington: safari ya Oktoba 2017

Tarehe 31 Oktoba 2017, Wellington, mji mkuu wa New Zealand, ilizima trolebasi zake. Ndizo pekee zilizokuwa zimesalia katika New Zealand na Australia yote. Auckland walishaziondoa mwaka 1980, Dunedin mwaka 1982. Mimi nilikuwapo. Sasa nimesharudi nyumbani Morogoro, mabegi yamefunguliwa, wageni wa kunipa pole ya safari wamepungua, na nimepata wasaa wa kukaa na daftari langu na picha za kwenye simu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: trolebasi ni basi la matairi, linapita barabara ileile ya magari mengine, ila halina injini ya dizeli. Juu ya paa kuna fito mbili ndefu zinazogusa nyaya mbili zilizotandazwa juu ya barabara. Treni ya umeme hutosheka na waya mmoja, maana umeme hurudi kwa njia ya reli. Basi linakanyaga mpira, kwa hiyo waya mmoja unaleta umeme na wa pili unaurudisha. Ndani kuna mota, na ukikaa siti za nyuma unasikia mvumo wake mwembamba tu.

Nimekulia Kidatu, ambako mzee wangu alikuwa fundi kwenye kituo cha kufua umeme. Kwetu mazungumzo ya mezani yalikuwa maji ya bwawa na mashine ipi iko matengenezo. Nilipokwenda Palmerston North kusoma shahada ya pili ya sayansi ya chakula, mara ya kwanza kufika Wellington niliona basi la njano, limejaa abiria, likipanda mlima bila moshi na bila kelele. Nikampigia mzee simu palepale. Tangu siku hiyo aliniuliza habari za mabasi yale kila tulipozungumza, na niliposikia yanaondolewa, nikaamua siku zangu za mwisho nchini humo nizimalizie Wellington.

Alhamisi, 26 Oktoba. Palmerston North hadi Wellington

Tasnifu nilishaikabidhi, chumba nilisharudisha ufunguo. Treni ya Capital Connection hutoka Palmerston North alfajiri, siku za kazi tu, na hurudi jioni. Saa kumi na mbili na robo nilikuwa nimekaa dirishani, giza bado halijaisha vizuri. Nilikuwa na mabegi mawili makubwa, maana nilikuwa nahama moja kwa moja. Baba mmoja aliyevaa mabuti ya shambani aliyanyanyua yote mawili kabla sijamwomba, akayapanga, kisha akaenda kukaa behewa lingine kabisa.

Kwa atakayepita njia hii: kaa upande wa kulia ukielekea Wellington. Baada ya Levin na Ōtaki utafika Paekākāriki, ambako reli imechongwa ubavuni mwa mlima na bahari iko chini yako, kisiwa cha Kapiti nyuma. Kuanzia Waikanae utaona nyaya za umeme juu ya reli. Ni za treni za abiria za mjini. Treni hii yetu huvutwa na kichwa cha dizeli chini ya nyaya hizo mpaka mwisho wa safari, jambo ambalo mzee nilipomweleza alilirudia mara mbili kuhakikisha amesikia sawasawa.

Stesheni ya Wellington ni jengo kubwa la mwaka 1937, na kituo cha mabasi kiko jirani yake. Nikanunua kadi ya Snapper kwa dola 10. Dola moja ya kule wakati huo ilikuwa kama shilingi 1,550 za kwetu. Kadi ilikuwa inapunguza nauli kuliko kulipa taslimu, kwa hiyo kama ulikuwa unakaa zaidi ya siku mbili ilikuwa inajilipa. Taslimu kanda moja ilikuwa dola 2.

Nilipanda trolebasi ya Island Bay inayopita Newtown. Siku hiyo Jacinda Ardern alikuwa anaapishwa kuwa waziri mkuu pale Government House, karibu na uwanja wa kriketi wa Basin Reserve, na njia yetu inapita maeneo hayohayo. Tulikwenda taratibu. Bibi aliyekaa pembeni yangu alikuwa na redio ndogo sikioni na kila baada ya dakika chache ananipa taarifa: wameshafika, sasa anaapa, sasa mawaziri. Mimi nilikuwa natazama juu, nikijaribu kuhesabu viungio vya waya kwenye makutano.

Newtown nilipokewa na mama mmoja wa Bukavu, shangazi wa rafiki yangu wa Palmerston North. Pale Palmerston kuna familia nyingi za Kikongo zilizopokewa kama wakimbizi, na ndizo zilizonifanya nisisahau Kiswahili miaka yote ile. Nilimpa shikamoo kwa mazoea, akanijibu kwa kunikumbatia. Mezani palikuwa na ugali, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese, na samaki wa kukaanga. Nilipomweleza kwamba nimekuja kwa ajili ya mabasi, alinitazama kwa muda, akasema, "Basi iko kila saa, mwanangu. Kula kwanza."

Ijumaa, 27 Oktoba. Karori, Lyall Bay, Miramar

Siku nzuri kuliko zote. Jua lilitoka, ingawa upepo wa kaskazini ulikuwa unavuma kweli kweli. Wellington husifika kwa upepo, na sifa hiyo haijatiwa chumvi.

Nilianza na njia namba 3, kutoka Lyall Bay mpaka Karori Park. Hii ndiyo ninayomshauri mtu yeyote awe amepanda, laiti ingekuwapo. Ilianzia ufukweni, mahali ambapo vijana wanateleza juu ya mawimbi huku ndege zinatua upande wa pili wa ukuta wa mawe. Ilipita Kilbirnie, ikapanda kilima hadi Newtown, hospitali, Courtenay Place, katikati ya maduka ya Lambton Quay, halafu ikapita kando ya bustani ya mimea na kupanda tena kwenye handaki la Karori. Kwenye vilima vile ndipo unapoelewa kwa nini watu waliyapenda. Basi la dizeli likifika kwenye mwinuko linapumua, linabadili gia, linanguruma. Trolebasi inapanda kwa mwendo uleule. Mota ya umeme ina nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na umeme unaoutumia hautoki kwenye tangi lake, unatoka kwenye gridi ya nchi ambayo zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake ni wa maji, mvuke wa ardhini na upepo.

Wakati wa kurudi, kwenye kona moja ya kushuka kuelekea Kilbirnie, tulisikia kishindo juu ya paa, taa za ndani zikafifia, basi likasimama. Ufito mmoja ulikuwa umechomoka kwenye waya na kubaki umesimama hewani, ukiyumba kwa upepo. Dereva hakusema kitu. Alivaa fulana yake ya kung'aa, akavaa glavu, akashuka.

Nilishuka nikamfuata, nikasimama mbali kidogo. Nyuma ya basi huning'inia kamba mbili, kila ufito na yake. Alishika kamba ya ufito uliochomoka, akauvuta chini, akarudi nyuma hatua kadhaa akitazama juu, mguu mmoja mbele. Kichwa cha ufito kina kiatu chenye mfereji, na ndani ya mfereji kuna kipande cha kaboni. Huo mfereji, ambao upana wake hauzidi kidole, ndio inabidi uingie kwenye waya ulio juu yake kwa zaidi ya mita tano, wakati upepo unausukuma ufito kushoto. Mara ya kwanza alikosa, cheche ikaruka. Akasubiri upepo utulie. Mara ya pili akauachia polepole, kamba ikateleza kwenye glavu, na kikaingia. Ndani taa zikarudi. Nyuma yetu magari yalikuwa yamejipanga, na bwana mmoja mwenye suti, abiria mwenzetu, alikuwa ameshashuka bila kuombwa anayaelekeza yapite.

Nilimuuliza dereva kama naweza kupiga picha, akaniambia nisubiri. Kutoka kwenye kisanduku pembeni ya kiti chake akatoa kipande cha kaboni kilichotumika, akakiweka mkononi mwangu. Kilikuwa cheusi, kimelika katikati, na kilinipaka vidole. Akasema siku za mvua huisha haraka zaidi. Akausukuma nyuma mkono wangu niliokinga, yaani nikichukue. Kiko hapa mezani ninapoandika.

Jioni nilipanda ya Miramar kwa ajili ya handaki la Hataitai. Lilichimbwa mwaka 1907 kwa ajili ya tramu, ni jembamba la njia moja, na mpaka leo ni mabasi tu yanayoruhusiwa kupita, kwa taa. Kwenye handaki kelele za mjini zinakatika ghafla, na kwa kuwa basi lenyewe halina injini, unasikia nyaya zikiimba juu ya kichwa chako.

Chakula: samaki na chipsi Lyall Bay, wakati huo kama dola 10 hivi, sehemu inayowatosha wawili. Kaa na mgongo upande wa upepo na ushikilie karatasi, kwa sababu ndege wa baharini hawaombi.

Usiku mzee aliuliza volti. Nilikuwa nimeshaulizia: 550, umeme wa mkondo mnyoofu. Akauliza vituo vya kupoza umeme viko vingapi na wanapata wapi vipuri. Hilo la vipuri, nilivyokuja kugundua, ndilo lilikuwa swali lenyewe.

Jumamosi, 28 na Jumapili, 29 Oktoba. Paekākāriki

Wikendi njia zilikuwa zinashikwa na mabasi ya dizeli, kwa hiyo nilichukua treni ya umeme ya njia ya Kāpiti kwenda kuona mambo ya kale zaidi. Katika bustani kubwa ya Queen Elizabeth, upande wa MacKays Crossing, kuna makumbusho ya tramu za Wellington. Tramu hizo ziliendeshwa mjini mpaka tarehe 2 Mei 1964. Wapenzi wake waliokoa kadhaa, wakajenga njia yao wenyewe kupita kwenye nyasi mpaka ufukwe wa Whareroa, na mpaka leo wanaziendesha wikendi kwa kujitolea. Reli zake ni za geji ya futi 4, nyembamba kuliko nyingi duniani, kwa sababu mitaa ya Wellington ilikuwa myembamba.

Kutoka stesheni ya Paekākāriki mpaka pale ni mbali kwa mguu, na hakuna basi. Nilianza kutembea, na kabla sijafika mbali gari lilisimama: mume na mke wazee, wanakwenda hukohuko, na yule mzee alikuwa mmoja wa wanaojitolea kuendesha. Aliniweka karibu naye sehemu ya dereva. Alikuwa mtoto wa shule siku tramu ya mwisho ilipopita, akakumbuka watu walivyoweka sarafu juu ya reli ili zibonyee wabaki nazo. Nikamuuliza trolebasi zilikujaje.

Akanipa historia nzima tukiwa tunakwenda kwa mwendo wa baiskeli kuelekea baharini. Jaribio la kwanza lilikuwa mwaka 1924, gari moja likifanya kazi kati ya Thorndon na Kaiwharawhara mpaka 1932. Mtandao wenyewe ulianza 1949, na trolebasi zikawa zinarithi njia za tramu moja baada ya nyingine. Kwa hiyo nyaya nilizokuwa nazipita wiki hiyo zilikuwa mwendelezo wa umeme ambao haujawahi kukatika juu ya barabara za Wellington tangu tramu za umeme zilipoanza mwaka 1904. Yule mzee hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba mwaka 1964 walipoondoa tramu waliambiwa hayo ni maendeleo, na trolebasi ndiyo ilikuwa hayo maendeleo.

Hakukubali nilipie chai. Mke wake alinifungashia vipande viwili vya keki kwa ajili ya "yule mama wa Newtown," ambaye nilikuwa nimemtaja mara moja tu.

Jumapili mvua kutwa. Kanisani, nyimbo za Kiswahili cha Kivu, pilau, kulala.

Jumatatu, 30 Oktoba. Kelburn na Seatoun

Asubuhi nilipanda kebo kutoka Lambton Quay hadi Kelburn, behewa jekundu linalovutwa kwa waya kupanda mlima tangu 1902. Kwenda tu ilikuwa dola 4, na juu kuna makumbusho madogo ya bure. Ushauri: panda kwa kebo, shuka kwa mguu kupitia bustani ya mimea, njia ni nzuri na inashuka tu. Te Papa, makumbusho ya taifa yaliyo bandarini, nayo wakati huo yalikuwa ya bure.

Kuna jambo kuhusu kebo ambalo wageni wengi hawalijui: kampuni ya halmashauri ya jiji inayoiendesha ndiyo hiyohiyo iliyokuwa inatunza nyaya za trolebasi. Halmashauri ya jiji ilimiliki nyaya, kampuni binafsi ilimiliki mabasi, baraza la mkoa ndilo lililoamua na kulipia huduma. Nadhani hapo ndipo shida ilipoanzia. Kitu kimoja kilikuwa na wenyewe watatu, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kumsubiri mwenzake atoe fedha.

Baraza la mkoa lilifanya uamuzi mwaka 2014 kwamba mkataba ukiisha 2017 hautahuishwa. Sababu zake nilizisoma kwa makini na sizidharau. Vituo vya kupoza umeme na nyaya za chini ya ardhi zinazovilisha vilikuwa vimezeeka, na kuvifanya upya kungegharimu mamilioni mengi ya dola. Trolebasi haiwezi kuipita mwenzake iliyosimama. Barabara ikifungwa kwa ukarabati, haiwezi kuchepuka mbali na nyaya zake. Ufito ukichomoka, kila aliye nyuma anasubiri, kama tulivyosubiri sisi Ijumaa. Hayo yote ni kweli.

Ila mabasi yenyewe hayakuwa mazee. Yalikuwa 60, mengi yalitengenezwa kati ya 2007 na 2009 na Designline, kiwanda cha hukohuko New Zealand, Ashburton. Basi la umri huo kwetu linaitwa jipya. Na yaliyokuwa yanayaingilia nafasi yalikuwa ya dizeli. Ulikuwapo mpango wa kuyafunga trolebasi mitambo ya Wrightspeed, kampuni ya Marekani ya Ian Wright, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Tesla: betri, mota, na turbaini ndogo ya kuchoma mafuta ili kuchaji njiani. Lakini siku nyaya zinazimwa, mabasi hayo hayakuwa tayari kushika njia. Diwani Sue Kedgley alilipinga jambo hili barazani kwa muda mrefu, na wananchi waliandamana naye. Hoja yao nakubaliana nayo: ungetunza ulichonacho mpaka kile kipya kiwe kimesimama barabarani. Nyaya zilizoachwa bila kuhudumiwa kwa miaka ndizo hizo baadaye zikashtakiwa kuwa mbovu. Mzee wangu aliposikia hivyo alisema Kidatu ingefungwa zamani kama wangefanya hesabu kwa mtindo huo.

Mchana nilikwenda Seatoun, mwisho kabisa wa mashariki, kupitia handaki jingine. Kituo cha mwisho kiko karibu na ufukwe mtulivu unaotazama mlango wa bandari, na meli ya kwenda Kisiwa cha Kusini ilikuwa inapita karibu kiasi cha kusoma jina lake. Dereva alikuwa Mhindi wa Fiji, ana mapumziko ya dakika chache. Nilipomwambia natoka Tanzania akasema babu zake na Wahindi wa kwetu huenda waliagana bandari moja. Akafungua chupa ya chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, akanimiminia kwenye kifuniko. Sikuwa nimeonja chai ya namna hiyo tangu niondoke nyumbani.

Nilimuuliza kesho kutwa atafanya nini. Akasema ataendesha dizeli, mshahara uleule. "Lakini hii," akaonyesha kwa kidevu juu ya paa, "lazima uendeshe ukiangalia mbele na ukikumbuka juu." Akanieleza jinsi kila sehemu inapogawanyika waya anavyoachia kidogo kanyagio la umeme ili fito zipite bila cheche, na kwamba abiria akiona safari imekuwa laini, basi dereva amezikumbuka zote. Wakati wa kurudi nilisikiliza kwa makini. Tak, kimya, tak-tak, kimya, halafu mota inavuma tena. Mpaka mjini hakukuwa na cheche hata moja.

Jumanne, 31 Oktoba. Siku ya mwisho

Niliamka mapema kuliko mama wa Newtown, lakini nilipotoka jikoni nilimkuta amevaa koti. Alisema amepanda mabasi hayo tangu wiki ya kwanza alipofika nchini, wakati hajui hata neno la kuomba kushuka, na dereva mmoja alikuwa akimsimamishia mlangoni kwa hospitali bila kuulizwa. Tukaenda wote.

Vituoni walikuwapo watu wenye kamera, wengine wametoka miji mingine na nchi nyingine. Mjapani mmoja alikuwa ameandika ratiba yote ya siku kwa mkono, kwa penseli, namba ya kila gari na njia yake. Baba mmoja alikuwa amemruhusu mwanawe asiende shule asubuhi ile. Watu walikuwa wanawapa madereva chokoleti na kadi. Mama mmoja mzee kwenye kituo cha Courtenay Place alikuwa amesimama tu, kila trolebasi inapopita anainua mkono, madereva wanampigia honi.

Mama wa Newtown alisimama mbele karibu na dereva njia nzima ya Island Bay na kurudi. Aliposhuka alimshika mkono kwa mikono miwili, kama tunavyofanya msibani, akamwambia asante kwa Kiswahili. Dereva akasema asante vilevile, kwa Kiswahili, kwa kumsikia.

Jioni nilirudi peke yangu njia ya Karori. Gari lilijaa, watu wamesimama, na karibu kila mtu alikuwa anaongea na asiyemjua. Nilisimama na msichana anayesomea uhandisi, yeye ana hasira hasa. Alikuwa na hesabu za moshi wa dizeli kwenye simu, za baraza lenyewe, akanionyesha mstari kwa mstari. Sikufanikiwa kuingia kwenye gari la mwisho kabisa. Nililiona likipita, limejaa mpaka mlangoni, watu wakipiga makofi kando ya barabara, na wengine wakilifuata kwa baiskeli kuelekea gereji ya Kilbirnie.

Nilimpigia mzee. Kwetu ilikuwa mchana. Aliniuliza kama wamezima umeme palepale au waliacha mpaka asubuhi. Nikamwambia sijui, akasema ni vizuri wawe na hakika, maana mtu anaweza kupanda nguzo akidhani umezimwa kumbe bado.

Jumatano, 1 Novemba na kuendelea

Nyaya zilikuwa bado juu, na chini yake mabasi ya dizeli. Kazi ya kuziondoa nilielezwa ingechukua kama mwaka mzima, kwa hiyo aliyepita Wellington mwanzoni mwa 2018 huenda aliziona bado katika baadhi ya mitaa. Nilipanda kwenda Newtown kuchukua mabegi, na kwenye mwinuko wa hospitali nikasikia injini ikiguna. Hapo ndipo lilipoanza kuniingia.

Basi la uwanja wa ndege kutoka mjini lilikuwa dola 9, lakini jirani wa mama, Msomali mwenye teksi, alikataa nipande basi na akakataa pia nauli. Mama alinifungia sombe iliyogandishwa, nami nikalazimika kuiacha kwake, kwa sababu sikuwa na hakika ingefika salama. Wellington hadi Auckland, Auckland hadi Doha karibu saa 17 hewani, Doha hadi Dar. Sina la kusema kuhusu saa hizo. Begi moja lilichelewa, likafika baada ya siku mbili likiwa zima.

Dar nilipanda mwendokasi kutoka Kivukoni mpaka Ubungo. Njia zake maalumu, vituo vyake, tiketi kabla ya kupanda: hayo yote ndiyo yanayofanya usafiri wa umma ufanye kazi, na Wellington hawakuwa na njia kama ile. Ila wakati huo ilikuwa inakunywa dizeli. Kwenye basi la kuja Morogoro niliona matingatinga ya reli ya SGR, ambayo ujenzi wake ulianza Aprili 2017 na ambayo ilipangwa kuendeshwa kwa umeme. Mzee alikuwa na ramani yake ameichora mwenyewe, akiweka alama mahali alipofikiri vituo vya kupoza umeme vingekaa. Nilimpa kile kipande cha kaboni. Alikikagua kwa miwani, akakigeuza, akasema kimetumika vizuri, kimelika sawa pande zote mbili. Kisha akanirudishia niandike.

Anayetaka kupanda trolebasi asikate tamaa. Uswisi zipo Zürich, Geneva na miji mingine kadhaa. Chile, Valparaíso, mwaka 2017 walikuwa bado wanaendesha gari za miaka ya 1940 zilizotengenezwa Marekani. San Francisco wanazo kwa sababu ya vilima vyao, Vancouver pia. Na Seattle, ambako Waafrika Mashariki ni wengi, njia namba 7 inayoshuka Rainier Avenue na namba 36 ya Beacon Hill zote ni za nyaya, na mji huo ulinunua gari mpya kuanzia mwaka 2015 badala ya kuzitupa. Ndugu mlioko huko mnazipanda kila siku kwenda kazini. Kaeni siti za nyuma, sikilizeni zinapopita kwenye makutano ya waya, na mkipata nafasi muulizeni dereva jinsi anavyozipitisha. Mzee wangu angependa kujua volti zao.